Binti wa Mwaka wa Mbwa

Oakdale, Minnesota
Jumapili alasiri, tarehe 31 Agosti 2025
Mwaka wa thelathini na saba tangu nitoke Tabora

Mwanangu Sikudhani,

Umekwenda Maplewood kuwaaga wale wazee uliokuwa ukiwaogesha na kuwalisha, nami nimekaa kwenye meza ya jikoni. Sanduku lako limesimama mlangoni kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini miguu inamwia mizito. Haya ningeweza kukuambia kwa mdomo kesho, njiani kwenda uwanja wa ndege, ila najijua. Nitazungumza habari za foleni. Nitakuuliza mara tatu kama pasipoti unayo. Kisha tutakuwa tumefika.

Sitaandika kuhusu chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala namna ya kuwaamkia wakubwa. Hayo atakufundisha shangazi yako Mwajuma ukifika Tabora, na asipokufundisha yeye, wajukuu zake watakufundisha kwa kukucheka. Mimi nataka kuandika juu ya mbwa.

Ulikuwa na miaka saba na tulikuwa bado tunakaa New Hope. Ilikuwa Februari, nimekuja kukuchukua shuleni, gari linanguruma kwa sababu nikilizima halitawaka. Siku hiyo mama wa mwanafunzi mwenzako, Mchina, alikuwa amekuja darasani na karatasi na mikasi. Aliwaeleza kwamba kwao kila mwaka una mnyama wake, wanyama kumi na wawili kwa zamu, na mtu huchukua tabia za mnyama wa mwaka aliozaliwa. Darasa lenu likagawanyika: wengine majogoo, wengine mbwa. Ukakata kinyago chako, masikio mawili yanayoning'inia na ulimi wa kitambaa chekundu, ukaja mbio kwenye theluji umekivaa.

Wakati huo ulikuwa unaelewa kila kitu ninachosema na kunijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa hapa. Lakini ulijua ninapenda kusikia Kiswahili kinywani mwako. Naamini uliipanga ile sentensi tangu darasani, maana uliitamka polepole, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa.

"Baba, mimi ni mbwa."

Kwetu, mwanangu, neno hilo kabla halijawa mnyama huwa ni tusi. Ndilo neno la mtu anayetaka mpigane. Chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba. Wiki ile ile mtu mmoja kazini alikuwa ameniita jina ambalo sikumjibu, na nilipokusikia nilidhani wamekufikia na wewe. Kwamba mtoto fulani amekutukana, nawe umelipokea tusi kama jina lako. Nikakupiga kofi. Nikakivua kinyago nikakichana mara mbili. Nikasema, "Usiseme hivyo tena."

Ukasema, "Okei."

Hukuliacha neno lile tu. Uliacha yote. Kwa miaka zaidi ya kumi nilikuuliza kwa Kiswahili, ukanijibu kwa Kiingereza, kwa adabu, bila kukosea, kama karani wa dirishani.

Jioni ile mama yako alisikiliza maneno yako, kisha yangu. Alikuwa amekaa sakafuni na gundi ya karatasi, anaunganisha masikio. Hakupandisha sauti. "Baba Siku," alisema, "mtoto amekuletea Kichina kwa Kiswahili, wewe umemlipa kofi."

Kisha akataka nimsomee ile karatasi iliyokuwa mkobani mwako, aone yeye ni nani. Alikuwa nyoka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi humu ndani mwenye sumu ni mimi, na anayeng'ata ni wewe."

Mimi kunipata ilikuwa kazi. Kwenye hati nimezaliwa tarehe mosi Januari 1958, tarehe aliyoiandika mwalimu wa shule ya msingi kwa sababu ilikuwa rahisi kukumbuka. Lakini mwaka wa Kichina hauanzi siku hiyo; huanza Januari ikienda kwisha, au Februari, kwa hiyo mtu wa tarehe mosi bado ni wa mnyama aliyetangulia. Kwenye hati, basi, mimi ni jogoo. Bibi yako, kwa upande wake, alikuwa akisema alinizaa wakati wa kung'oa karanga, mvua zikiwa zinakatika, na hilo linanitoa kwa jogoo na kunitia kwa mbwa. Kwa serikali jogoo, kwa mama yangu mbwa. Mama yako aliona serikali ndiyo yenye haki, maana jogoo la shamba haliwiki mjini, na yeye hakuwahi kunisikia nikiwika.

Nilikuwa nafanya kazi maktaba, unajua; miaka ishirini na mbili ya kurudisha vitabu vya watu kwenye rafu. Baada ya siku ile nilisoma kila nilichokutana nacho juu ya watu wa mwaka wa mbwa. Siamini kwamba mwaka humuumba mtu. Nilisoma kama anayesoma barua iliyoandikwa kwa jirani ikapelekwa kwake kwa makosa, na kila ukurasa anajikuta humo. Walisema mbwa ni mwaminifu na hutunza siri. Hachukui kisicho chake. Lakini ana wasiwasi, huona baya kabla ya jema, haamini watu upesi, akikasirika ulimi wake hukata, na akishachagua cha kulinda haachi hata akiambiwa aache.

Wewe hukagua kufuli mara mbili tangu ukiwa mdogo. Rafiki yako mmoja alikudanganya mkiwa darasa la tano, na hadi leo ukimwona dukani unabadilisha njia. Mama yako alipolazwa mara ya mwisho, uliburuta kiti ukakiweka mlangoni mwa chumba chake, ukalala hapo kwa namna ambayo muuguzi hakuweza kuingia bila kukuamsha. Mwaka mzima huu ungekuwa chuoni. Umebaki, kwanza kwa ajili yake, kisha kwa ajili yangu, na hukutaka nikushukuru.

Kwa hiyo nakuogopea uaminifu. Watu hawaonyi watoto wao juu ya uaminifu, wanawaonya juu ya ulevi. Ngoja nikusimulie.

Tabora, jirani yetu alikuwa Mzee Kasanda, mfanyakazi wa reli. Huko watu humpa mbwa jina ili kumpelekea jirani ujumbe. Mzee Kasanda alikuwa na ugomvi wa mpaka na mtu wa nyumba ya pili, na hawakuwa wakisalimiana, kwa hiyo alimwita mbwa wake Tutaonana. Kila jioni anasimama uani anaita kwa nguvu, "Tutaonana! Tutaonana!", na yule wa pili anafunga dirisha. Sisi watoto tulikuwa tukicheka hadi tunalia. Kisha Mzee Kasanda akahamishiwa Kigoma, akapakia vitu vyake kwenye treni, akamwacha mbwa. Nyumba ilikaa tupu. Mbwa alilala kizingitini na hakumruhusu mtu kupita. Alipokuja mpangaji mpya, amepewa ufunguo kwa haki, mbwa alimng'ata mguu. Halmashauri wakamleta mtu mwenye bunduki, akampiga pale pale mlangoni.

Nilimwambia mama yangu kwamba mbwa yule alikuwa mwaminifu sana. Bibi yako alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa. "Hakuwa mwaminifu kwa mtu," alisema. "Alikuwa mwaminifu kwa mlango."

Nimeyakumbuka maneno hayo kwa kuchelewa sana.

Nilikuja huku kusoma historia. Msaada wa masomo ukakatika, makaratasi yakanikwamisha, na kwa miaka mingi sikuweza kutoka nikarudi. Hivyo mama yako aliozwa kwangu Tabora mimi nikiwa hapa, kaka yangu amekaa badala yangu mbele ya shehe. Hadija alikuja na kanga zake na ahadi yangu: miaka mitano, kisha tunarudi. Mwaka wa kwanza hatukununua kitanda. Nilimwambia kitanda ni cha watu wanaokaa. Wenzetu wa Tabora na Tanga walipoanza kununua nyumba Maple Grove, alinionyesha moja yenye dirisha kubwa la jikoni, nikamwambia nyumba yetu iko nyumbani. Wanawake wenzake walipomwita kwenye shughuli zao za Jumamosi, nikamwambia, "Usijizoeze sana, Hadija, tutaondoka." Hakujizoeza. Na alipougua, waliojua njia ya kuja mlangoni kwetu walikuwa watu watatu.

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Nimeishi ndani ya methali hiyo. Kwa sababu niliuona ufuko, sikuzama. Lakini methali haisemi kwamba alifika. Mtu anaweza kuogelea maisha yake yote macho yakiwa pwani, na mke wake akaogelea nyuma yake kwa sababu alimwamini.

Makaratasi yangu yalikuwa yamekwisha kutengemaa bibi yako alipofariki. Nilikwenda peke yangu, wiki mbili. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Niliporudi niliwaambia wamenipokea vizuri sana. Sasa nikueleze walivyonipokea.

Mwajuma alifungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa ufunguo, akanifungulia chumba. Ni chumba changu cha ujana. Kimefungwa tangu niondoke. Humo mna kitanda, chandarua na picha yangu ya shule. Chumba cha pili wajukuu watano wamelala mzungu wa nne, miguu ya huyu kichwani kwa huyu. Nilipouliza kwa nini, alinitazama kama niliyeuliza kwa nini jua linachomoza. "Si cha Kaka?" alisema.

Chai waliniletea kwenye sinia, na sahani zikatolewa kabatini, zile zenye maua. Watoto walinyamazishwa nilipopita. Unajua tunavyosema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikaingoja siku ya tatu. Ilipofika nilichukua ndoo ya maji, mjukuu mmoja akaipokea mkononi mwangu kwa heshima. Nikaenda jikoni, nikawekewa kiti nje. Siku ya kumi nilimwambia Mwajuma, kwa utani, "Hata jembe hamnipi?"

Alicheka, kisha akaacha. "Safari ya miaka thelathini, Kaka, uchovu wake hauishi kwa siku kumi. Wewe pumzika tu."

Hakukuwa na ubaya wowote katika maneno yale. Walinipenda. Ila usiku ule nililala katika chumba kile nikajua kwamba wanayemngoja ni kijana aliye kwenye picha, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nikimngoja huyo huyo. Hayupo Tabora, na hapa Oakdale hayupo. Nyumba ilikuwa tupu, na sisi tuko kizingitini, Mwajuma upande ule na mimi upande huu, tunamng'ata kila anayetaka kupita.

Nilirudi, nikaendelea kusema mwakani. Nilijua, na niliendelea kusema. Mama yako alikuwa bado ananiamini. Au nilidhani hivyo.

Januari, asubuhi ya maziko, uliniambia kwa Kiingereza, "Ulimwahidi." Ulijua alitaka kuzikwa Tabora karibu na mama yake, ukadhani ni mimi niliyeshindwa na vibali au nauli. Niliona ni afadhali unilaumu. Leo nakuambia, kwa sababu unakwenda kwa watu watakaokuuliza na lazima uwe na jibu. Wiki yake ya mwisho ulipotoka kwenda kununua dawa, nilimwambia nitampeleka nyumbani. Mama yako alifumba macho. "Usinisafirishe," akasema. "Nimechoka kungoja safari."

Sijawahi kusikia neno baya kuliko hilo, na lilisemwa kwa upole.

Unaikumbuka baridi ya siku ile. Walifunika mahali pale kwa bati na kuwasha moto wa gesi chini yake mpaka udongo ukalainika, ndipo mashine ikachimba. Wewe ulibaki garini, na vioo vilikuwa na ukungu, sidhani uliona. Tulikuwa wanaume wachache, wengi wao vijana wa Kisomali wa msikitini ambao hawakumjua mama yako kabisa. Mmoja wao, aliyekulia Nairobi, alinisogelea akaniwekea beleshi mikononi. "Mzee," alisema, "shika jembe. Wewe ndiye mwenyewe."

Lilikuwa beleshi. Yeye ndiye aliyeliita jembe, na mimi, ninayewasahihisha watu Kiswahili kila siku, sikumsahihisha. Nilimfukia mama yako. Udongo ulikuwa unaanguka kwa mabonge, wenye sauti. Jembe nililolingoja Tabora siku ya tatu na ya kumi nilipewa hapa, kwenye barafu, na mtoto wa watu nisiyemjua jina.

Nilipoingia garini, mikono imekufa ganzi, ulisema, "Baba, twende nyumbani."

Kwa Kiswahili. Baada ya miaka yote ile. Na humu ndani, tangu ulipozaliwa, neno nyumbani lilikuwa na maana moja tu. Nilikuwa nimelilinda lisipewe maana nyingine. Wewe ulimaanisha hapa, jikoni hapa. Niligeuza gari nikaja Oakdale.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha mezani. Jumatano ulikuwa unakunja nguo. Uliniambia kwamba ukishaanza chuo cha uuguzi huko Tabora, siku za mapumziko utapaka rangi kile chumba changu, ambacho Mwajuma alikwisha kukutajia kwenye simu. "Nitakitunza mpaka uje, Baba. Utakuja lini?"

Nikasema, "Mwakani, inshallah." Nimelitumia jina la Mungu kama pazia la dirisha.

Ukaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekabidhiwa kazi. Nikayaona masikio yale ya karatasi. Nilikuona na miaka ishirini na tano, thelathini, arobaini, ufunguo umeufunga kwenye pindo la kanga, unamwambia mtu anayetaka kukuoa angoje kwanza baba afike. Unawafukuza watoto wa watu kutoka kitanda kisicholaliwa. Ungeweza. Mwaka wako unakuruhusu, na una damu ya Mwajuma, na una yangu.

Utasema nalinda kaburi. Nimelifikiria hilo kwa miezi saba, na inawezekana. Mbwa mzee hubadili mlango tu. Lakini sidhani. Si afya inayonizuia, si nauli, wala hati. Niliyetaka kurudi alikwisha, na mimi niliyebaki najua duka gani Oakdale lina mkate mzuri na benchi gani linapata jua mchana. Ni kidogo. Ni changu.

Nenda Tabora kwa sababu mama yako alitaka mmoja wetu aione tena, na kwa sababu wewe mwenyewe unataka. Usipoipenda, ondoka. Wakikupa jembe siku ya tatu, lishike. Wakikucheka Kiswahili chako, cheka nao. Ukikuta mbwa wa jirani, uliza jina lake, utajua nani ana ugomvi na nani. Na ukitaka kumwambia mtu wewe ni wa mwaka wa mbwa, mwambie kwa Kiswahili, na atakayeguna mwache agune.

Kinyago kile nimekitafuta wiki hii yote ili nikupe. Sikukipata. Nadhani kilipotea tulipohama New Hope.

Mwambie Mwajuma afungue chumba na madirisha yake, na wajukuu wagawane kitanda. Ufunguo usiupokee. Akikuuliza Kaka anakuja lini, usimwambie mwakani. Usimwambie inshallah. Mwambie nimekutuma useme hivi hivi: mimi sirudi.

Baba yako